Lugha Inayoenea Kiganjani

Lugha ya kompyuta, yaani mpangilio wa maneno na alama ambao mtu huutumia kuiagiza mashine itende kazi fulani, hutofautiana na lugha ya watu katika jambo moja kubwa: ina wabunifu wanaojulikana kwa majina, na kila neno lililomo ndani yake limo kwa sababu mtu fulani, mwaka fulani, aliamua liwemo. Kwa hiyo ukubwa wake ni uamuzi. Wapo wabunifu ambao kila haja mpya ya watumiaji huijibu kwa kuongeza neno jipya na kanuni mpya, hata kitabu cha sheria za lugha kikapita kurasa elfu moja, kama ilivyotokea kwa C++. Na wapo wanaoshikilia kwamba haja nyingi kati ya hizo huzuka kwa sababu misingi yenyewe ina kasoro, na kwamba dawa ni kuchagua misingi michache iliyo imara na inayoungana kwa uhuru, kisha kumwachia mtumiaji ajenge yaliyobaki. Msimamo huu wa pili ndio unaoitwa hapa falsafa ya udogo. Wataalamu wengi huujadili kama suala la uzuri na unadhifu, lakini ukitazamwa kutoka Kampala unajitokeza kuwa suala la umiliki: nani anaweza kuichukua lugha, akaielewa yote pasipo kubakiza kitu, na akaijenga upya mahali ambapo walioibuni hawakupafikiria.

Mfano ulio karibu unapatikana katika kazi ya Engineer Bainomugisha, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Makerere (Engineer ni jina lake la kwanza, wala si cheo). Wakazi wa Kampala humfahamu zaidi kwa mradi wa AirQo, ulioanzishwa mwaka 2015 ili kupima uchafuzi wa hewa kwa vihisi vya bei nafuu, ambavyo baadhi yake hufungwa kwenye bodaboda na kuzunguka nazo mjini. Kabla ya hapo alikuwa mtafiti wa lugha za kompyuta katika Vrije Universiteit Brussel nchini Ubelgiji, alikohitimu shahada ya uzamivu mwaka 2012, na katika mwaka huo huo yeye na wenzake watano, wakiwemo Theo D'Hondt na Wolfgang De Meuter, walichapisha makala kuhusu namna walivyoihamishia lugha ya Scheme kwenye simu ya iPhone. Zao la kazi hiyo waliliita iScheme.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, inafaa kukumbuka hali ilivyokuwa. Programu za iPhone wakati huo ziliandikwa karibu zote kwa Objective-C, lugha iliyomtaka mwandishi asimamie kumbukumbu ya simu kwa mkono wake mwenyewe: kila kipande cha kumbukumbu alichokihitaji alilazimika kukiomba, kukitumia na kukirudisha, na kile alichosahau kukirudisha kilibaki kimeshikwa bure, hata programu ikaelemewa na kujifunga. Lugha hiyo haikumpa nafasi ya kuongeza miundo mipya ya sentensi kulingana na kazi yake. Tena, aliyetaka simu mbili au tatu zitambuane, zitumiane ujumbe na zivumilie mtandao unaokatika na kurudi, ilimbidi aandike taratibu zote hizo moja moja. Watafiti wale hawakuwa na mamlaka juu ya Objective-C, ambayo ilisimamiwa na kampuni iliyotengeneza simu. Walichokuwa nacho ni lugha nyingine iliyo ndogo kiasi kwamba kundi la watu sita liliweza kuijenga upya ndani ya simu ambayo haikuandaliwa kwa ajili yake.

Scheme ilizaliwa mwaka 1975 katika taasisi ya MIT nchini Marekani, kwa mikono ya Gerald Sussman na Guy Steele, na namna ilivyozaliwa inaieleza falsafa nzima vizuri kuliko tafsili yoyote. Wawili hao walikuwa wakijaribu kuelewa nadharia ya Carl Hewitt iliyoitazama programu kama jumuiya ya "watendaji", yaani viumbe vya ndani ya kompyuta vinavyopelekeana ujumbe. Waliunda lugha ndogo ya majaribio yenye neno moja la kutengeneza mtendaji na neno jingine la kutengeneza fanksheni, yaani kanuni inayopokea thamani na kurudisha jibu, kama vile kanuni ya kuzidisha kwa mbili. Fanksheni hizo waliziita lambda, kwa jina la herufi ya Kigiriki iliyotumiwa na mwanahisabati Alonzo Church katika miaka ya 1930 alipotoa hoja kwamba hesabu yoyote inayoweza kutendwa kwa utaratibu inaweza kuandikwa kwa mambo matatu tu: jina la kitu, kutengeneza fanksheni, na kuitumia fanksheni. Sussman na Steele walipoichunguza programu waliyoiandika, waliona kwamba sehemu inayomwendesha mtendaji na sehemu inayoiendesha fanksheni zilikuwa zinafanana neno kwa neno. Vitu viwili walivyodhani ni tofauti vilikuwa kitu kimoja chenye majina mawili, na hapakuwa na sababu tena ya kuvitenganisha. Upunguzaji wa aina hii, unaotokana na kugundua kwamba hiki na kile ni kimoja, ndio udogo wenye thamani, kwa kuwa haumnyimi mtumiaji chochote.

Umbo la lugha hiyo linaweza kuonyeshwa kwa mfano mmoja mfupi. Ichukuliwe nauli ya bodaboda inayokadiriwa kwa shilingi 1,000 za kuanzia na shilingi 800 kwa kila kilomita. Kwa safari ya kilomita tano, hesabu huandikwa hivi katika Scheme:

(+ 1000 (* 5 800))

Alama ya kitendo hutangulia, vitu vinavyotendewa hufuata, na mabano huonyesha mwanzo na mwisho wa kila tendo. Mashine huanza na mabano ya ndani, ikazidisha tano kwa 800 na kupata 4,000, kisha ikatoka nje na kujumlisha 1,000, jibu likawa 5,000. Mwanafunzi aliyezoea hesabu za shuleni huiona sura hii kuwa ngeni, na manung'uniko kuhusu wingi wa mabano ni ya zamani kama lugha yenyewe. Lakini faida yake ni kwamba hakuna jedwali la kukariri linaloeleza ni alama ipi itangulie ipi, kwa sababu mabano yamekwisha kusema. Sasa mwandishi akiipa kanuni hiyo jina "nauli", kuanzia hapo ataandika (nauli 5) na kupata jibu lile lile. Neno "nauli" halikuletwa na Sussman wala Steele. Limeongezwa na mtumiaji, kwa Kiswahili, na bado limesimama mahali pale pale palipokuwa na alama ya kujumlisha, kwa umbo lile lile, bila dalili yoyote kwamba moja ni la wenyeji na jingine ni mgeni aliyekaribishwa.

Jambo hilo Steele alilieleza kwa namna isiyosahaulika mwaka 1998, katika hotuba aliyoitoa Vancouver, Kanada. Alijiwekea sharti la kuanza na maneno ya Kiingereza yenye silabi moja tu, na kila alipohitaji neno refu zaidi alilazimika kwanza kulifafanua kwa maneno aliyokwisha kuyaruhusu, hivi kwamba wasikilizaji walisikia kwa masikio yao lugha ikikua kutoka mwanzo mdogo. Hoja yake ilikuwa kwamba mbunifu asijaribu kumaliza kila kitu mwenyewe. Atengeneze lugha ambayo maneno yanayoongezwa na watumiaji hayatofautiki na ya asili. Msemaji wa Kiswahili analijua jambo hilo bila kufundishwa. Neno "chaji" lilikuja na umeme na simu, ni la kigeni, lakini halikukaa siku nyingi kabla ya kuvalishwa viambishi vyote vya vitenzi: mtu huchaji simu, humchajia jirani, simu huchajiwa, na kibanda cha kuchajisha hufunguliwa kando ya barabara. Sarufi haikuhitaji kikao cha kulikubali, kwa kuwa viambishi vile vichache vya unyambulishaji hufanya kazi na mzizi wowote unaojitokeza. Kiswahili kwa ujumla hakiwezi kuitwa lugha ndogo, na anayejifunza ngeli zake atalithibitisha hilo. Hata hivyo unyambulishaji wake wa vitenzi ni mfano halisi wa kile ambacho wabunifu wa Scheme walikitafuta.

Scheme inakwenda hatua moja mbele zaidi, kwa kumruhusu mtumiaji aongeze hata miundo ya sentensi. Anayetaka neno "kama" lichukue kazi ya neno la Kiingereza la kuweka sharti anaweza kulifafanua katika mistari michache, na programu zake zote zikaanza kulitambua. Hapa ndipo iScheme ilipopata nguvu yake. Watafiti walijenga kiini cha Scheme ndani ya simu, kisha wakajenga daraja lililowezesha programu ya Scheme kuita huduma za simu zilizoandikwa kwa Objective-C, na juu ya hapo wakaongeza kwa njia ya upanuzi miundo mipya ya mawasiliano kati ya simu na simu, inayoshughulikia kutambuana, kupelekeana ujumbe na kukabili hitilafu. Makala yao yanaonyesha miundo hiyo ikifanya kazi katika programu za mfano. Ajabu ya kazi hii haimo katika programu hizo zenyewe, bali katika ukweli kwamba kwa muundo wa mawasiliano ulioongezwa, mwandishi wa programu huyashughulikia mambo ya mtandao kwa maneno yanayofanana na ya kawaida.

Maabara ile ya Brussels ilikuwa na desturi ndefu ya kazi za namna hii. D'Hondt alikuwa ameunda Pico, lugha ndogo iliyokusudiwa kuwafundisha misingi ya kuandika programu wanafunzi wasiosomea kompyuta, na kutokana na mizizi hiyo ikachipuka AmbientTalk, lugha ya vifaa vinavyohama na kukutana njiani. Bainomugisha naye, mwaka 2012, alihusika na lugha ya majaribio iitwayo Flute, ambamo programu inaweza kufungwa kwenye sharti la mazingira: mathalani, kazi iendelee pale tu simu inapokuwa ndani ya eneo fulani, isimame papo hapo inapotoka, na iendelee kutoka pale ilipoachia pindi inaporudi. Mawazo ya aina hii ni rahisi kuyajaribu penye lugha ndogo, kwa sababu anayebadilisha kiini anakiona chote mbele yake. Katika lugha kubwa, kugusa kanuni moja huamsha kanuni nyingine hamsini ambazo hakuna aliyezikumbuka.

Faida ya udogo kwa nchi zilizo mbali na viwanda vya kompyuta ilishadhihirika pia Brazil. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1992 nchi hiyo ilikuwa na sera kali ya kulinda soko lake la kompyuta, iliyofanya programu za kigeni ziwe ghali na ngumu kuzipata, na wataalamu wakazoea kujitengenezea zana zao. Kutokana na mazoea hayo, mwaka 1993, Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes wa chuo kikuu cha PUC-Rio waliunda Lua, ambayo jina lake kwa Kireno ni "mwezi", kwa ajili ya kazi walizowafanyia wahandisi wa kampuni ya mafuta ya Petrobras. Lua ina muundo mmoja tu wa kupanga data, unaoitwa jedwali, na kwa jedwali hilo mtumiaji hujenga orodha, kamusi, kumbukumbu za wateja na hata mafungu ya programu. Msimbo wake wote, yaani maandishi ya programu inayoiendesha, ni takriban mistari 30,000, na ukibanwa ili upakuliwe haufiki kilobaiti 400. Leo lugha hiyo imo ndani ya michezo ya kompyuta na programu za picha zinazotumiwa duniani kote.

Kilobaiti 400 ni kipimo ambacho mkazi wa Kampala anakielewa bila maelezo marefu. Mwezi Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kumtoza kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku, na Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Mwanafunzi anayenunua kifurushi cha data kwa megabaiti anaweza kupakua Lua nzima, pamoja na mwongozo wake, kwa sehemu ndogo tu ya kifurushi hicho, wakati zana za baadhi ya lugha kubwa hudai gigabaiti kadhaa kabla hajaandika mstari wa kwanza. Wabunifu wanaojadili udogo katika miji yenye intaneti ya bei poa mara chache hulitaja jambo hili, na ni upungufu katika mjadala wao.

Hata hivyo udogo una gharama, na anayeupenda hana budi kuzitaja gharama hizo waziwazi. Mwaka 1993 Urban Müller alibuni lugha yenye amri nane tu, kila moja ikiwa alama moja, na imethibitika kwamba lugha hiyo inaweza kimsingi kukokotoa chochote ambacho kompyuta nyingine inaweza. Lakini programu yake ya mistari michache haisomeki na mtu mwenye akili timamu, na kuzidisha namba mbili huwa ni safari. Hapo udogo umegeuka ubahili. Kinachoachwa nje ya lugha hakipotei: humwangukia mtu fulani akibebe, ama anayejifunza, ama anayeandika, ama anayekuja kusoma kazi ya mwenzake miaka mitano baadaye.

Scheme yenyewe imeilipa gharama hiyo. Kitabu cha sheria zake cha mwaka 1998 kilikuwa na kurasa 50, na kwa kuwa kilinyamaza kuhusu mambo mengi ya kila siku, kila kundi lilijijengea la kwake. Programu iliyoandikwa kwa Scheme ya kundi hili mara nyingi haikukubali kwenda kwa Scheme ya kundi lile, ingawa zote zilitii kurasa zile zile. Toleo la mwaka 2007 lilijaribu kuliponya tatizo kwa kuongeza kanuni na maktaba, yaani mikusanyo ya fanksheni zilizokwisha kuandikwa, na likawagawa wapenzi wa lugha hiyo vibaya sana, hata ikaamuliwa baadaye kwamba ziwepo Scheme mbili, ndogo na kubwa. Ile ndogo ikakamilika mwaka 2013. Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009 ikiwa na maneno maalumu 25 tu, nayo ilikataa kwa zaidi ya miaka kumi na miwili kumpa mtumiaji njia ya kuandika fanksheni moja itakayofanya kazi kwa aina mbalimbali za data, na watu wakawa wananakili fanksheni ile ile mara tatu na nne, wakibadilisha jina la aina ya data tu, mpaka njia hiyo ilipoongezwa mwaka 2022. Wabunifu walikuwa na sababu za kusubiri, na yaelekea walifanya vema kusubiri, ila mzigo wa kusubiri haukuwa mabegani mwao.

Hoja nzito zaidi dhidi ya lugha ndogo imetoka MIT kwenyewe. Somo la kwanza la kompyuta katika taasisi hiyo lilifundishwa kwa Scheme kwa miaka mingi, kwa kitabu cha Harold Abelson na Gerald Sussman kilichotoka mwaka 1985, na mwishoni mwa muongo wa 2000 likaachwa, mahali pake pakaja somo linalotumia Python. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kazi ya mhandisi imebadilika: zamani alijenga kitu kikubwa kutokana na vipande vidogo alivyovielewa vyote, na sasa hutumia maktaba kubwa zilizoandikwa na wengine, akizichokonoa huku na huku mpaka aone zinavyotenda. Maelezo hayo ni ya kweli, na vijana wa Kampala wanaotafuta ajira katika kampuni za huduma za fedha kwa simu wataulizwa maktaba wanazozijua kabla hawajaulizwa misingi. Lakini anayefundishwa kuchokonoa peke yake hubaki mpangaji katika nyumba ya mtu, na kazi kama ile ya iScheme isingeanza kabisa kama walioifanya wangekuwa hawajawahi kuiona lugha nzima kwa ndani.

Kuiona huko kwa ndani bado kunawezekana. Kitabu cha Abelson na Sussman husomwa bure kwenye intaneti, na sura yake ya nne inamwelekeza msomaji aiandike Scheme kwa Scheme yenyewe, katika kurasa chache, kwa fanksheni mbili zinazopokezana kazi. Ya kwanza husoma sentensi na kutambua kama ni namba, jina, au tendo. Ikikuta tendo, huikabidhi ya pili kanuni na thamani zake. Ya pili hufungua kanuni hiyo, ikaweka thamani mahali pa majina, kisha ikairudishia ya kwanza sentensi mpya iliyo rahisi zaidi. Msomaji akiipa (nauli 5), ataweza kuifuatilia kwa kalamu na karatasi: jina "nauli" linatafutwa na kupatikana, tano inashika nafasi ya kilomita, mabano ya ndani yanakuwa 4,000, na sentensi inazidi kupungua kila inapopita mikononi mwa fanksheni hizo mbili, mpaka panapobaki 5,000.